Baiskeli Tuliyoitamani Sote Kule Wote

Mtu wa Mombasa ukimwambia kuwa unakwenda Wote, la kwanza atakalokuuliza ni, "Wote na nani?" Hayo yalinipata mimi mwenyewe mwaka 1988. Marehemu baba aliniambia nifunge nguo zangu niende Wote kwa ami, nikamsaidie dukani. Nami nikadhani nyumba nzima inasafiri, nikaenda kumwuliza nyanya kama ameshafunga mzigo wake. Walicheka ukumbini mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Wote ni mji wa Ukambani. Siku hizi ni makao makuu ya Kaunti ya Makueni, una mabenki na maofisi, lakini wakati ule palikuwa ni mahali pa soko tu, chini ya Wilaya ya Machakos, kwani Makueni haikupewa wilaya yake mpaka mwaka 1992. Kutoka Mombasa ulipanda basi la Nairobi ukashuka Makindu, penye hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hukaribishwa chakula bila ya kuulizwa pesa. Hapo ulitafuta gari la kupitia Kathonzweni, ukala vumbi jekundu mpaka ukafika na nyusi kama za mzee aliyetia hina. Na mtu wa pwani asijione mgeni mno katika nchi ile. Mbele ya Makindu, juu ya reli hiyo hiyo, uko mji uitwao Sultan Hamud, uliochukua jina la Sayyid Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1896 hadi 1902. Na kabla reli haijazaliwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, na kurudi bara na nguo na ushanga. Ami yangu alikuwa akisema kuwa yeye amekwenda kurudisha ziara.

Duka lake lilikuwa la sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na leso chache zilizofuata mabasi kutoka Mombasa. Na nyuma ya duka, imeegemezwa ukutani na kufunikwa gunia isipigwe na jua, ilikuwako baiskeli.

Baiskeli hiyo sina budi kuieleza, kwani ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Ilikuwa ni Raleigh nyeusi, iliyotoka kiwandani Nottingham, Uingereza, naye aliinunua Mombasa kabla mimi sijazaliwa. Uzito wake kilo 20 na ushei, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, tandiko la ngozi lenye springi, na karia pana la kuweza kulaza mtoto. Gia ilikuwa moja tu: miguu yako. Huko Ukambani baiskeli za namna hiyo, iwe ya Kiingereza, ya Kihindi kama Hero au ya Kichina kama Phoenix, zote ziliitwa Black Mamba, jina la yule nyoka ambaye akikuuma huna haja ya kuita mganga. Ami hakulipenda jina hilo. Yeye aliiita "kipando", na kila Alhamisi jioni aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ili Ijumaa iende msikitini ikiwa safi. Chini kabisa ya fremu, karibu na pedeli, alikuwa amechora kwa msumari herufi tatu za Kiarabu, za mwanzo wa majina yake. Ukitaka kuziona ulipaswa kupiga magoti.

Usafiri wake haukuwa wa mchezo. Makueni ni nchi ya kiangazi, na mto Kaiti, ulio karibu na Wote, muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Maji huchimbuliwa humo mchangani, yakatekwa kwa kata, yakatiwa mitungini. Asiyekuwa na punda alikuwa na Black Mamba, na asiyekuwa nayo aliyabeba mgongoni, yaani aliyabeba mkewe. Mitungi minne ya lita 20 ikifungwa kwa mipira ya tyubu ni kilo 80, na mwenye baiskeli hakuipanda hapo. Aliisukuma, kifua mbele, kilima baada ya kilima, mpaka nyumbani. Mimi niliyetoka mji wenye mifereji ya maji, mara ya kwanza kumwona mzee wa makamo akisukuma mzigo ule nilidhani ameharibikiwa na baiskeli. Kumbe ndivyo itumikavyo.

Lakini Jumapili alasiri baiskeli hizo hizo zilivuliwa mitungi, zikawa farasi.

Mashindano yetu hayakuwa na bendera wala karatasi. Vijana kumi au kumi na watano tulisukuma baiskeli mpaka juu ya mteremko, pale barabara ya changarawe ilipokuwa ikianza kuinama kuelekea mtoni. Mmoja alitupa kofia hewani, ikigusa ardhi tunakwenda. Breki za Black Mamba ni nzuri kwa mtu anayekwenda sokoni. Katika mteremko ule mipira yake iliungua mpaka ikanuka, kisha ikawa haishiki tena. Hapo ulitumia mguu. Wenyeji walivaa makubadhi ya akala, yale yanayokatwa kutoka katika tairi kuukuu la gari, na kijana hodari alikuwa akiingiza wayo wake kati ya foku na gurudumu la mbele, raba juu ya raba, akapunguza mwendo bila ya kupepesa macho. Mimi nilikuwa na champali za Mombasa. Zilikatika wiki ya kwanza, na ngozi ya wayo ikafuata.

Ami alijua. Duka lilikuwa na dirisha, na vumbi letu lilionekana kutoka mbali. Hakunikataza. Bali usiku ule, akinipaka mafuta ya nazi wayoni, alinisimulia jinsi Mtume wetu (S.A.W.) alivyowashindanisha farasi huko Madina: waliozoezwa walikimbizwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa, na wasiozoezwa wakapewa masafa mafupi, kutoka hapo Thaniya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, na Abdallah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Tena akanikumbusha kuwa Mtume alishindana mbio za miguu na Bi Aisha, akashindwa, na baada ya miaka akashindana naye tena akashinda. Kwa hiyo mbio hazina ubaya, akasema. Jambo moja tu alilikataa kabisa: vijana kutoa shilingi tano tano na mshindi kuzoa zote. Hiyo ni kamari, hata kama mshindi ni mpwa wa Sharifu. Basi tukawa tunashindania jina tu, na jina, msomaji, linauma kuliko shilingi tano.

Mshindi wetu wa kila wiki alikuwa kijana wa Kikamba, mwana wa fundi seremala, mwembamba kama mlingoti. Baiskeli yake ilikuwa Hero iliyovunjika fremu ikaungwa kwa moto mahali pawili. Alikuwa rafiki yangu mkubwa, na nilimchukia kila Jumapili kuanzia saa kumi hadi magharibi.

Miaka ile baiskeli zilikuwa zikiongezeka nchini kama nzige. Sababu yake ni ushuru. Baina ya mwaka 1986 na 1989 Serikali ya Kenya iliushusha ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi asilimia 20, na waandishi wa mambo ya usafiri wameandika kuwa mauzo yalipanda mara kadhaa baada ya hapo. Watu ambao baba zao walitembea kwa miguu maisha yao yote wakawa na kipando. Hata hivyo kilichoongezeka ni zile zile nyeusi. Baiskeli ya milima tuliijua kwa picha tu, katika majarida makuukuu yaliyokuja dukani kufungia sukari.

Kisha mwaka 1989 akaja mwalimu wa kujitolea, kijana wa Kizungu, kufundisha hesabu katika shule ya sekondari, na pamoja naye ikaja baiskeli.

Rangi yake ilikuwa buluu ya bahari ya kaskazi. Tairi zake nene zenye meno, magurudumu ya inchi 26, usukani ulionyooka kama fimbo ya mkongojo, na gia 18 zilizobadilishwa kwa kidole gumba. Breki zake zilikuwa za waya, na zilishika! Alikuwa akiteremka kilima kile kile tulichokuwa tukikiungulia nyayo, akasimama katikati ya mteremko kumwamkia mtu. Sisi tulikwenda kumngoja langoni mwa shule si kwa kumpenda yeye. Watoto waliigusa tairi wakakimbia. Rafiki yangu mwana wa seremala aliiinua kwa mkono mmoja, akaishusha, akanitazama. Hakusema neno, na hapakuwa na haja.

Niliota baiskeli ile. Niliitungia hata shairi, na ubeti wake mmoja bado ninao kichwani, wala sitamlaumu mhariri akiufuta:

Kipando changu cha chuma, kisichoijua njaa,
Nikikupanda kwa hima, vumbi kote husambaa,
Wenzangu hubaki nyuma, kwa jicho la kushangaa,
Nitakutunza daima, wewe ndiwe yangu taa.

"Kipando changu", na wakati huo hakikuwa changu hata spoki moja.

Mwaka 1990 ami alijaaliwa kwenda kuhiji. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi. Mwanzoni mwa Juni alinikabidhi funguo za duka, daftari la madeni, na baiskeli. Aliniambia maneno machache: duka likipata hasara ni biashara, madeni yasipolipwa ni majaaliwa, na kipando ni amana. Nikamshika mkono, nikambusu, akapanda gari la Makindu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa Kizungu akatangaza kuwa muda wake umekwisha, anarudi kwao, na baiskeli anaiuza shilingi 2,500.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa na shilingi 1,400 nilizoziweka tangu nifike Wote, na nyuma ya duka, chini ya gunia, palikuwa na Raleigh ambayo mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Sikutia mkono katika sanduku la duka. Hilo nilijisifia wakati ule, kana kwamba mwizi wa kuku ni bora kwa kuwa hakuiba mbuzi. Nilijiambia kuwa ami ni mtu mzima, atarudi Alhaji, hataki tena kuonekana akiendesha baiskeli. Nilijiambia kuwa nitaikomboa kabla hajarudi. Nikamwuzia mzee mmoja mkulima, aliyekuwa akiishi mwendo wa saa mbili kutoka mjini, kwa shilingi 1,100. Alizihesabu mara tatu. Alipiga kengele mara moja, akatabasamu, akaondoka akiisukuma taratibu, kama mtu anayeongoza ng'ombe aliyemnunua mnadani.

Wiki mbili nilikuwa sultani. Nilikwenda na baiskeli ya buluu msikitini, sokoni, hata mahali pa kwenda kwa miguu kumi. Na tukapanga mashindano ya Jumapili, tarehe 1 Julai.

Sitayarefusha. Tulikuwa tisa. Nusu ya kwanza ya mteremko niliwaacha wote, sikusikia nyuma yangu ila upepo. Palikuwa na kona, kisha kilima kidogo cha kupanda kabla ya kushuka mtoni, na hapo kwenye kilima nikataka kuonyesha zile gia. Nikabonyeza kwa pupa huku nikikanyaga kwa nguvu zangu zote. Mnyororo ukaruka, ukajisokota kati ya meno na fremu. Miguu ikazunguka bure kama ya mtu anayeota anafukuzwa. Nilikuwa nimepiga magoti barabarani, vidole vimejaa grisi, mwana wa seremala aliponipita na Hero yake yenye viraka viwili, amesimama juu ya pedeli, na wenzake saba nyuma yake. Hakunicheka. Alinipigia kengele.

Usiku huo mji mzima ulikuwa katika redio, kwani Kameruni walikuwa wakicheza na Uingereza huko Napoli katika Kombe la Dunia. Walifungwa mabao matatu kwa mawili. Nikalala nikidhani kuwa hiyo ndiyo siku mbaya ya mwaka.

Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai 1990, katika siku za Idi Kubwa, mahujaji walibanana ndani ya njia ya chini kwa chini ya Al-Muaisim, ya waendao kwa miguu baina ya Makka na Mina. Watu 1,426 walikufa humo, wengi wao wakiwa ni kutoka Malaysia, Indonesia na Pakistani. Habari ilitufikia vipande vipande, kwanza redioni kuwa pametokea ajali, kisha hesabu, na kila idhaa ilipofunguliwa hesabu ilikuwa imeongezeka. Majina hayakusomwa. Wote nzima palikuwa na simu ya posta, na foleni yake, na waya wake uliokuwa ukikatika. Nilipompata baba Mombasa alisema kuwa nao hawana habari. Kabla wiki haijesha kukazuka machafuko ya Saba Saba jijini Nairobi, tarehe 7 Julai, magari yakawa hayaendi, na gazeti halifiki.

Waislamu wa Wote tulikuwa wachache, tukajazana katika msikiti wetu mdogo tukasoma dua. Nami nilisujudu na moyo wangu hauko na ami peke yake. Ukweli nausema leo kwa mara ya kwanza: niliogopa kuwa amekufa, na ndani ya hofu hiyo, kama mdudu ndani ya tende, palikuwa na nafsi yangu inayoniambia kuwa akiwa amekufa hatauliza baiskeli. Nilitoka msikitini nikatapika. Kisha nikatembea kwa miguu mwendo wa saa mbili hadi kwa yule mzee kumwomba aniuzie tena. Sikuwa na pesa. Nilikuwa nimekwenda na baiskeli ya buluu ya kubadilishana naye, nikiisukuma, nikiona haya kuipanda.

Alikuwa uani. Raleigh ilikuwa na mitungi minne juu yake, na mkewe alikuwa akiifungua. Mzee aliitazama ya buluu pande zote, kwa adabu, kama mtu anayetazamishwa mtoto wa mgeni. Akaniuliza karia iko wapi. Nikamwambia haina. Akauliza inabeba nini. Nikamwambia, inabeba mtu. Hapo akanikaribisha uji, nikanywa, nikarudi Wote.

Ami alirudi mwishoni mwa mwezi, mzima wa afya, amekonda, kichwa kimenyolewa, na chupa ya zamzam kifuani kama mtoto mchanga. Siku ile ya ajali alikuwa hemani Mina na homa. Alikuwa ameijua hofu yetu na hakuwa na njia ya kutuondolea. Tulilia. Wakamba majirani wakaja kumpa mkono. Jioni, watu walipopungua, alikwenda nyuma ya duka, akainua gunia.

Nilimweleza kila kitu, isipokuwa hilo la tende. Naye alikwisha kuiona karatasi yenye shairi, niliyoisahau ndani ya daftari la madeni, kwani ami alikuwa mjuzi wa vina kuliko mimi. Aliusoma ubeti mpaka mwisho, akaukunja. "Mizani imetimia," akasema. "Amana ndiyo haikutimia."

Nilitaka anipige. Badala yake akaniuliza habari za yule mzee: ana wake wangapi, watoto wangapi, maji yako umbali gani. Nilipomjibu, alisema kuwa baiskeli isirudishwe, kwani imekwishapata kazi bora kuliko kumpeleka yeye msikitini mwendo wa dakika tano. Ila duka lake nalo linataka maji, na sasa halina kipando. Kesho yake akampelekea fundi baiskeli wa sokoni ile ya buluu, akamwagiza aifungie karia la chuma cha nondo. Fundi alisikitika kama anayemchoma chapa farasi wa mfalme. Akatoboa, akachomelea, akafunga. Na mimi mbele ya watu wote, wakiwamo wale wenzangu wanane, nikaanza kuteka maji mtoni Kaiti na baiskeli yenye gia 18. Mitungi miwili tu. Mitatu ikiyumba, minne haiwezekani, kwani fremu ilikuwa fupi na visigino viligonga mitungi. Nilifanya hivyo miezi saba. Ilipovunjika kifaa cha kubadilishia gia hakikupatikana hata Machakos, na fundi akaifunga gia moja isibadilike. Ikawa Black Mamba ya buluu.

Mwaka 1991 nilirudi Mombasa, nikaingia katika kazi ya kalamu. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma asili ya baiskeli za milima, nikaweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Mimi nilidhani zilibuniwa na wataalamu waliovaa makoti meupe. Kumbe zilianza na vijana wa Marekani, huko Marin katika jimbo la California, waliokuwa wakiokota baiskeli nzito za zamani, za miaka ya 1930 na 1940, zenye gia moja, na kuzikimbiza katika miteremko ya mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza katika barabara moja ya udongo, inayoshuka kiasi cha mita 400 kwa kilomita tatu na kidogo. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na kufika chini grisi ilikuwa imeungua ikawa moshi, ikabidi kila mara wafungue na kutia grisi mpya. Ndiyo maana barabara ile wakaiita Repack, yaani kupakia upya. Gary Fisher aliwahi kuishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na hiyo ndiyo iliyobaki rekodi. Mwenzake Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ya kwanza kuundwa kwa wingi kiwandani. Kufika mwaka 1996 baiskeli ya milima ilikuwa katika Olimpiki, huko Atlanta.

Basi walikuwa na chuma kizito kama chetu, mteremko kama wetu, na moshi wa breki kama wetu, kasoro akala. Tofauti ni kuwa wao walikuwa na mahali pa kuchomelea fremu mpya na soko la kuiuza. Mwana wa seremala, ambaye Hero yake ilikuwa imeungwa mara mbili kwa mikono ya fundi wa sokoni, aliipita baiskeli ya buluu juu ya kilima, na hapakuwa na mtu wa kuandika dakika zake.

Siku hizi wako wanaoandika. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifunzwa mbio na David Kinjah huko Kikuyu, juu ya baiskeli ya milima, kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara nne. Suleiman Kangangi aliwaongoza vijana wa Afrika Mashariki katika mbio za barabara za changarawe, mpaka alipoanguka na kufariki mashindanoni huko Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022. Habari ile niliisoma nikauhisi wayo wangu ukiungua. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, nami nikayatazama kwenye televisheni na wajukuu ambao hawajui kuziba pancha.

Ami alifariki mwaka 2003, akazikwa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka jana nilipita Wote kwa shughuli ya arusi. Lami imeingia mjini, maofisi yamejaa, na pale kwenye mti wa mafundi baiskeli sasa wamejipanga vijana wa bodaboda, kwani Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000, baiskeli ziliondoka barabarani kama wageni waliosikia adhana ya alfajiri. Mwana wa seremala yuko Nairobi, hatukuonana. Fundi yuko. Amekuwa mzee, anatengeneza pikipiki, na hakunikumbuka mpaka nilipotaja karia la nondo. Hapo alicheka akashika kiuno.

Nyuma ya kibanda chake, kati ya matairi, zilikuwa zimelazwa fremu kuukuu alizonunua kwa kilo. Mmoja wa wana wa yule mzee mkulima, alisema, aliwahi kumwuzia moja baada ya baba yao kufa, ipi, hakumbuki. Tatu zilikuwa za Kiingereza. Zote zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi, kijani juu ya nyeusi, nyekundu juu ya kijani, na chini karibu na pedeli hapakuonekana ila rangi na grisi iliyokauka.

Nikamwomba msasa. Akautafuta ndani ya kopo, akanipa, akaniambia kuwa nikiikwaruza nimeinunua.

Nikauliza, zote tatu? Akasema zote. Nikakunja kanzu, nikapiga magoti.